Daftari la Rubani (Castle Bromwich, Birmingham)
Daftari la rubani ni kitabu anamoandika kila safari yake: tarehe, aina na namba ya ndege, kazi aliyofanya na muda aliokaa angani. Chukua mfano wa kiwanda cha Castle Bromwich, Birmingham, Uingereza: kiliunda zaidi ya ndege 11,000 za kivita aina ya Spitfire wakati wa Vita Kuu ya Pili. Rubani wake mkuu wa majaribio, Alex Henshaw, alirusha zaidi ya ndege 2,300 za aina hiyo. Kiini cha daftari la rubani kama yeye ni namba ya ndege. Ikilinganishwa na kumbukumbu za vikosi, mwanahistoria huifuata ndege moja kutoka kiwandani hadi vitani. Lakini hofu haina safu yake daftarini, na ajali nzima huweza kubanwa katika mstari mmoja, kwa hiyo lisisomwe bila barua na ripoti za wakati uleule.