Kupinda kwa mwanga

Kupinda kwa mwanga ni badiliko la mwelekeo wa miale ya mwanga inapopita kwa mshazari kutoka dutu angavu moja kwenda nyingine, kwa mfano kutoka majini kwenda hewani. Sababu yake ni kasi: katika ombwe mwanga huenda takriban km 300,000 kwa sekunde, katika maji km 225,000, na katika almasi km 124,000 tu.

Kwa hiyo maji hudanganya macho. Bwawa lenye kina cha mita 2, likitazamwa kutoka juu kabisa, huonekana kuwa na mita 1.5 tu, likitazamwa kwa mshazari kina huonekana kifupi zaidi. Ni hatari kwa asiyejua kuogelea. Mvuvi wa mkuki naye hulenga chini ya pale samaki anapoonekana.

Sehemu ya mwanga haipiti, bali huakisiwa. Mwale ulio ndani ya maji ukifika usoni kwa pembe inayozidi takriban 49° kutoka wima, wote huakisiwa na kurudi chini. Kwa almasi pembe hiyo ni takriban 24°, ndiyo maana almasi iliyochongwa vizuri humetameta kuliko kioo.