Nguo Tuliyoikataa

Ndugu zangu, nianze na kosa langu mwenyewe, msije mkadhani nawahubiria.

Miaka sita iliyopita mama mmoja wa jamii yetu alifariki hapa Nsambya. Yeye alikuwa mtu wa Fizi, mimi ni Mulega wa Mwenga, lakini ukimbizini mtu wa Kivu ya Kusini ni ndugu yako, maneno yanaishia hapo. Hakuwa na ukoo Kampala. Tukaunda kamati ya msiba pale uani, nami nikapewa daftari kwa sababu ninaandika vizuri na ninasikia Kiganda kidogo. Kazi yangu ilikuwa kuandika jina la kila anayechanga na kiasi alichotoa.

Jioni akaja mama mwenye nyumba, Muganda, mzee wa miaka sabini na kitu. Mkononi alishika bahasha, na kwapani alibana nguo iliyokunjwa, nzito, rangi ya tofali. Akapiga magoti, akatoa pole, akanipa bahasha na kusema neno moja: "Mabugo." Nikaandika. Halafu akanyoosha ile nguo na kusema, "Na hii ni ya kumfunga mtoto wangu."

Mchungaji wetu akaitazama kama mtu aliyeona nyoka. "Hii ni bintu bya shetani," akasema. "Haiwezi ingia mu sanduku ya mutu mwenye aliokoka." Wote tukanyamaza. Mimi ndiye mkalimani, ilibidi niseme kitu. Nikamwambia yule mama kwamba tunashukuru, ila sisi kwetu hatuna desturi hiyo. Akaikunja tena taratibu, akaondoka. Kesho yake makaburini alisimama mbali, kama mpita njia.

Bahasha tulipokea. Nguo tulikataa. Imenichukua miaka kuelewa kwamba vile vitu viwili vilikuwa kitu kimoja.

Nguo yenyewe inaitwa lubugo. Haifumwi wala haisokotwi, ni gamba la mti. Mti huo ni mutuba, jamii ya mkuyu, na ukitembea vijiji vya Mpigi au Masaka utauona katikati ya migomba. Fundi hubandua gamba msimu wa mvua, wakati mti una maji, kisha hulifunga shina lililobaki uchi kwa majani ya mgomba ili lisikauke. Mti haufi. Unaota ngozi nyingine, na mwaka unaofuata unaweza kuvunwa tena, hivyo hivyo kwa miaka mingi. Gamba hupelekwa chini ya kibanda kilicho wazi, lisipigwe na jua kabla ya wakati, na hapo hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji. Ya kwanza ina mifereji mipana, ya mwisho ina mifereji myembamba. Kipande chembamba kama ubao kinatanuka, kinalainika, mpaka kinakuwa shuka. Kisha kinaanikwa, na jua ndilo linalokipa ile rangi ya udongo.

Kazi hii inahusishwa hasa na ukoo wa Ngonge, yaani ukoo wa fisi maji, na mkuu wa mafundi wao huitwa Kaboggoza. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa miongoni mwa urithi mkubwa wa binadamu. Mimi wakati huo nilikuwa bado kwetu, sijui hata Kampala iko upande gani.

Zamani lubugo ilikuwa nguo ya kila mtu na ya kila siku. Waganda husimulia kwamba Kabaka Ssemakookiro ndiye aliyeamuru watu wote wapande mituba na wavae lubugo. Ilikuwa vazi, blanketi, pazia na mfuko wa kuhifadhia vitu. Ya watu wa kawaida ilikuwa ya rangi ya udongo. Ya wafalme na machifu ilitiwa rangi nyeupe au nyeusi, na hata namna ya kuifunga ilikuwa tofauti, ukimwona mtu kwa mbali unajua ni nani.

Halafu pamba ikaja. Na pamba ilipita njia yetu sisi watu wa Kiswahili. Misafara kutoka pwani ilifika kwa Kabaka Suna II katika miaka ya 1840, na mwanawe Muteesa I akapenda kuvaa kanzu. Ndiyo maana leo Muganda akienda kwenye utambulisho wa ndoa anavaa "ekkanzu", neno lile lile la pwani. Gomesi ya akina mama nayo jina lake linatokana na Gomes, fundi cherehani mwenye asili ya Goa. Kwa hiyo nguo ambazo leo tunaziona kuwa za Kiganda kabisa zilipitia mikononi mwa wageni. Mkimbizi anayesoma hapa aliweke hilo akilini.

Lubugo ikaondoka mwilini kidogo kidogo. Na wamisionari walipofika, Waprotestanti mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879, mambo ya dini ya zamani yakaanza kuitwa ya kishetani, na nguo iliyokuwa ndani ya mambo hayo ikapakwa jina hilo hilo. Lakini haikufa. Ilipofukuzwa sokoni na barabarani ilikwenda kukaa mahali pagumu zaidi kuifukuza, yaani kwenye kutawazwa, kwenye tiba, na kwenye kifo. Ilianza kama nguo ya wote, ikabaki nguo ya ibada.

Sasa nguo ya ibada inafanya nini hasa? Hapa ndipo nilipokuwa nadanganyika. Nilifikiri ni pambo, au ni hirizi. Kumbe kazi yake ni kumtoa mtu katika nafasi moja na kumweka katika nyingine, mbele ya macho ya watu na ya waliotangulia.

Tazama okwabya olumbe, sherehe ya Kiganda ya kumaliza msiba. Mrithi anaitwa mbele ya ukoo. Anavikwa lubugo begani, na kama ni mwanamume anapewa mkuki. Kabla ya hapo alikuwa kijana tu, labda anaendesha boda boda pale Kabalagala. Akishavikwa, amekaa katika nafasi ya marehemu. Wajane na watoto wa marehemu wanaanza kumheshimu kama yule aliyeondoka, hata kama jana walimtuma dukani. Mmandwa naye, yaani mtu anayepandwa na lubaale, hujifunga lubugo kwa sababu hiyo hiyo: wanaomsikiliza wajue kwamba sasa si yeye anayesema. Na tarehe 31 Julai 1993, Ronald Muwenda Mutebi II alipotawazwa pale Naggalabi, Buddo, alivikwa lubugo. Suti na kanzu anazo, lakini hazimfanyi mtu kuwa Kabaka.

Usidhani ni mambo ya hapa tu. Huko China na Taiwan, kuhani wa dini ya Kitao anapofanya ibada kubwa huvaa joho lililotariziwa jua, mwezi na nyota, kana kwamba amejifunika mbingu mgongoni. Katika ibada ile anahesabiwa kuwa afisa mwenye cheo mbele ya miungu, na kazi yake ni kupeleka maombi ya watu kwa maandishi, yasomwe na kupokelewa huko juu. Bila joho ni jirani tu. Mimi niliposoma hilo nilicheka peke yangu, maana sisi wakimbizi tunajua habari ya maombi ya maandishi yanayosubiri mwenye cheo.

Na ninyi ndugu wa mashirika, msicheke. Kijana tuliyesoma naye akivaa kizibao chenye nembo, foleni inanyooka. Akikivua jioni, tunamdai pesa ya chai. Padri naye ana kasula yake. Hakuna kati yetu asiyejua nguvu ya nguo. Tunabishana tu ni nguo ya nani inayokubaliwa.

Mwaka jana nilipanda kilima cha Kasubi. Ni hapa hapa Kampala, ukitokea Nakulabye siyo mbali. Muteesa I alijenga ikulu yake pale mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa ndani. Nyumba kubwa ya nyasi inaitwa Muzibu Azaala Mpanga. Ukiinua macho ndani yake unaona pete za paa, 52, kila moja kwa ukoo mmoja wa Buganda. Nyumba hii iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na watu walikuja kulia juu ya majivu kama wanaolia mzazi. Ikajengwa upya kwa miaka mingi, na mwaka 2023 UNESCO ikaitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Ndani ya nyumba ile, desturi ni pazia la lubugo kutoka juu hadi chini. Nyuma yake panaitwa Kibira, maana yake msitu. Hawasemi Kabaka amekufa. Wanasema ameingia msituni. Na mlango wa msitu huo ni gamba la mti. Hapo nikasimama kidogo, maana sikuwahi kuona nguo iliyopewa kazi ya kuwa mpaka.

Wamelala pale wafalme wanne: Muteesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II na Muteesa II. Sikilizeni sasa. Mwanga alipelekwa uhamishoni na Waingereza, akafia visiwa vya Shelisheli mwaka 1903, mabaki yake yakarudishwa mwaka 1910. Muteesa II alikimbia baada ya jeshi la serikali kushambulia ikulu ya Mengo mwezi Mei 1966. Alivuka mpaka kama sisi tulivyovuka, akafika Burundi, kisha Uingereza, akafia London mwaka 1969. Mwili ulirudi mwaka 1971. Wafalme wawili kati ya wanne walifia ugenini. Na nguo iliyowapokea waliporudi ilikuwa ile ile ambayo mimi nilisema "kwetu hatuna desturi hiyo."

Na uongo wangu ulikuwa hapo. Sisi Balega tulikuwa nayo desturi. Babu zetu walikuwa na Bwami, chama cha wazee chenye ngazi zake, na kila ngazi ina vitu vyake vya kuvaa na kushika. Mtu wa ngazi ya juu, kindi, alivaa kofia yenye mkia wa tembo. Huwezi kuinunua kofia hiyo dukani ukawa kindi. Watu wanakupandisha, kisha kofia inakushuhudia. Serikali ya Wabelgiji iliipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Kofia nyingi na sanamu za pembe leo ziko kwenye makumbusho ya Ulaya, nyuma ya kioo. Kwetu nyumbani nilisikia babu alikuwa na kofia. Sikuiona. Nilipouliza ilikwenda wapi, baba alijibu: "Hiyo ilikuwa ya giza." Maneno ya mchungaji wetu nilikuwa nimeyasikia utotoni, ndiyo maana sikupata nguvu ya kuyapinga.

Niliposhuka Kasubi nilikwenda moja kwa moja kwa mama mwenye nyumba. Nilimuuliza kwanza neno mabugo, maana kila msiba wa Kampala tunalisikia na tunajua ni pesa ya rambirambi. Akanitazama kama mtoto asiyejua jina la baba yake. Neno mabugo limetokana na lubugo, akasema. Zamani hukuja msibani na pesa. Ulikuja na nguo, kila jirani na yake, na maiti akafungwa kwa mabugo ya wote waliomhesabu kuwa mtu wao. Siku hizi watu wanaleta noti, lakini jina limebaki la nguo.

Basi daftari langu lile, ukurasa mzima niliouandika "mabugo, mabugo, mabugo", lilikuwa linaandika nguo tuliyoikataa.

Nikamuomba msamaha. Hakusema nimesamehewa wala sijasamehewa. Aliniuliza tu, "Yule mtoto mlimfunga na nini?" Nikamwambia shuka jeupe. Akasema, "Shuka ni sawa. Mimi nilitaka asilale kama mgeni."

Sisemi kila Mkongomani afungwe lubugo. Kuna watu ambao imani yao haiwaruhusu, na hiyo ni haki yao, kaburi si mahali pa kulazimishana. Ninachosema ni kwamba swali lile lilikuwa la watu wa marehemu kujibu, na yule mama alikuwa mmoja wao. Mimi nilimjibia nikiwa na haraka ya kumpendeza mwenye sauti kubwa.

Kamati yetu ya misiba sasa ina daftari jipya. Nimechora safu tatu badala ya mbili: jina, pesa, na kitu alicholeta. Ndugu wa mashirika mnaotusaidia mazishi huko Nakivale na Kyangwali, mnapoleta sanduku na shuka, ulizeni pia kama kuna jirani aliyekuja na kitu kwapani. Mwezi wa tatu tulizika mzee mmoja wa Uvira. Watoto wake waliulizwa, wakakubali. Katika safu ya tatu, mstari wa kwanza, niliandika jina la mama mwenye nyumba, na mbele yake: lubugo moja.

Pesa hakuleta, na hakuna aliyemuuliza.