Uvujaji: istilahi inayodai mahali

Dereva wa gari kuukuu akifika kwa fundi, Genkuru au kwingineko wilayani Tarime, hasemi ana "uvujaji wa mafuta". Husema tu, "Fundi, gari linavuja." Kabla spana haijashikwa, kauli hiyo inahitaji kukamilishwa: kinachovuja ni nini, na kinavujia wapi?

Kuvuja ni kitu cha majimaji au hewa kutoka kidogokidogo kupitia tundu au ufa. Kumwagika ni jambo jingine. Lori lilipopinduka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, petroli ilimwagika mbele ya macho ya watu. Moto ukalipuka wakiwa wanachota, wakafa zaidi ya 100. Uvujaji hauonekani hivyo. Huanza kwa harufu, kisha mpira hulowa, kisha matone hudondoka, mwisho petroli huchuruzika. Anayeujua mpangilio huo hasubiri hatua ya mwisho.

Kitenzi hiki hukubali watenda wawili. Twasema nyumba inavuja, wala hatusemi mvua inavuja. Na kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Hapo anayetajwa ni chombo. Lakini twasema pia mafuta yanavuja, tukataja kilichomo. Istilahi ya ufundi ivitaje vyote viwili, tena kwa majina yake. "Mafuta" kwetu ni petroli, dizeli, oili ya injini, hata mafuta ya breki. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri. Dizeli huhitaji zaidi ya nyuzi 50 juu yake. Kuyaita yote mafuta ni kuificha hatari hiyo.

Sasa mahali. Ukimuuliza dereva "inavujia wapi?", ataonyesha doa ardhini. Doa ni pale inapodondokea tu, kwa kuwa petroli hutambaa juu ya bomba kabla ya kuanguka. Fundi hutafuta chanzo kwa kuuliza inavuja lini. Ikivuja tangi likijaa tu, hukagua juu ya tangi, pale geji na pampu zilipofungwa, na mpira wa kujazia. Ikivuja injini ikiwaka, hufuata njia yenye msukumo, kutoka pampu kupitia filta hadi nozeli au kabureta. Ikivuja hata gari likiwa limelala, hutazama chini ya tangi palipoliwa na kutu au kupigwa na mawe ya barabarani, na mipira iliyokauka ikapasuka.

Kuziba nako si kutengeneza. Njiani, madereva husugua kipande cha sabuni ya mche kwenye ufa wa tangi. Husaidia, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Lakini maji huiyeyusha, na dimbwi moja latosha kuufungua ufa upya. Kutengeneza ni kuacha injini ipoe, kufungua waya wa hasi wa betri, kupunguza msukumo kwenye bomba, kisha kufunga mpira mpya uliotengenezwa kwa ajili ya petroli, pamoja na klipu mpya. Mpira wa maji utavimba na kulainika. Tangi lililotoboka lisisogezwe kwenye moto wa kulehemu kwa sababu eti ni tupu: mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka, na mafundi wamekufa kwa hilo.

Basi kwenye daftari la gereji napendekeza tusiandike "mafuta yanavuja", bali "uvujaji wa petroli, mpira wa juu ya tangi, tangi likijaa". Fundi wa zamu ya pili atajua pa kushika. Na neno la kufungia kazi, "haivuji", liandikwe tu baada ya kitambaa kikavu kupitishwa kwenye kila kiungo, tangi likiwa limejaa na injini ikiwaka, nacho kikatoka kikavu.