Mseto: Dawa Tatu Ndani ya Kidonge Kimoja

Mpishi wa Pwani akisema leo tunakula mseto, unajua sufuriani mna mchele na choroko vilivyopikwa pamoja mpaka vikashikana. Huwezi kuomba upakuliwe choroko peke yake. Jina hilo limetokana na kitenzi kuseta, yaani kuponda, kazi ileile ambayo karasha za machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu na Mwakitolyo zinaifanya mchana kutwa, mawe yakisagwa kuwa unga kabla ya kupelekwa mwaloni, pale dhahabu inapooshwa. Neno limesafiri mbali na jiko. Wakulima wa Shinyanga waliorudisha miti kwenye ngitili zao, yaani malisho yaliyotengwa, tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, wanalijua katika kilimo mseto. Wakenya walitawaliwa na serikali ya mseto kuanzia 2008. Na tangu Tanzania ilipobadili tiba ya malaria mwaka 2006, mama akimpeleka mtoto zahanati na vipimo vikaonyesha vimelea, hurudi nyumbani na dawa mseto.

Hapo ndipo neno lilipokwama. Muulize mtu yeyote sokoni Kahama maana ya dawa mseto, atakujibu: ya malaria. Hakosei. Lakini katika mji huohuo wapo maelfu ya watu wanaomeza mseto mwingine kila siku ya maisha yao, na hakuna anayeuita hivyo. Zinaitwa dawa za kufubaza virusi, au ARV, au kwa sauti ya chini, vidonge. Nadhani wanastahili kurudishiwa neno hilo, kwa sababu usalama wa kumeza dawa hizi umejengwa juu ya jambo moja ambalo majina mengine hayalitaji: kwamba ni kadhaa, na zinafanya kazi zikiwa pamoja.

Majina yaliyotangulia yana historia yake. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kabla jina la kitaalamu la ugonjwa huo halijawafikia, watu wa kule waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikivuma sokoni. Baadaye likaja UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini, kifupisho kilichounganishwa vizuri hata wengi wamesahau kwamba ni kifupisho. Mitaani ikawa ngoma, ikawa miwaya. Dawa zilipofika zikaitwa za kurefusha maisha, kisha za kupunguza makali, jina ambalo Kenya bado inalipenda. Tanzania ikatulia kwenye kufubaza.

Kufubaza ni chaguo la heshima. Kitambaa kilichoanikwa juani mwezi mzima hufubaa. Ngozi ya mtu anayeshinda kwenye vumbi la mawe hufubaa. Kitu hakijatoweka, ila kimepoteza nguvu na mng'ao. Ndivyo ilivyo kwa virusi vilivyobanwa na dawa: vimejificha ndani ya baadhi ya chembe za mwili, haviondoki, lakini havizaliani. Neno haliahidi kuponya. Mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mitishamba cha mchungaji aliyeitwa Babu, wako walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Nchi ilihitaji neno lisilodanganya, na kufubaza halikudanganya.

Upungufu wake uko kwingine. Linasema dawa inafanya nini, halisemi dawa ni ngapi. Mgonjwa anapewa kopo, ndani mna vidonge vinavyofanana, anameza kimoja kwa siku. Kwa nini asiamini kwamba anatumia dawa moja? Niliwahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya tiba na matunzo, ile ambayo kila mtu anaiita CTC, katika kijiji kimoja cha wachimbaji, nikamsikia mwanamume akiuliza swali ambalo halikuwa la kipuuzi hata kidogo.

“Nesi, mke wangu vyake vimeisha na nauli ya kuja hapa hatuna ya watu wawili. Nikikata hiki katikati, tukagawana nusu kwa nusu mpaka mwisho wa mwezi, kuna ubaya?”

“Upo, baba,” nesi akamjibu. “Ukikikata hicho umekata dawa tatu. Hapo hakuna mmoja wenu atakayekuwa ametibiwa.”

Tatu hizo, kwenye kidonge ambacho watumishi wa afya wanakiita TLD na ambacho Tanzania ilianza kukisambaza mwaka 2019, ni tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Mbili za kwanza humzuia kirusi asinakili taarifa zake za urithi anapoingia kwenye chembe ya kinga. Ya tatu humzuia asichomeke nakala hiyo ndani ya vinasaba vya chembe yenyewe. Akifaulu kuipita moja, anakutana na nyingine.

Wasukuma na Wanyamwezi wanaweza kulielewa hili haraka kupitia sungusungu. Jeshi hilo la jadi lilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walishindwa kwa sababu vijiji vilifunga njia zote kwa pamoja. Mlinzi mmoja njia panda, hata awe hodari namna gani, mwizi atamsoma: anasinzia saa ngapi, anatazama upande upi. Kirusi ni mwizi wa namna hiyo. Anajinakili kwa mabilioni kila siku, tena kwa makosa mengi, na kila kosa ni kirusi kipya chenye sura tofauti kidogo. Dhidi ya lamivudini pekee, kosa moja katika sehemu moja linatosha kumpa usugu, na wiki chache zinatosha kwa kosa hilo kutawala damu yote. Lakini apate makosa yote yanayohitajika kuzikwepa dawa tatu kwa wakati mmoja, huku akiwa amezuiwa hata kuzaliana? Hapo ndipo hesabu inapomshinda.

Dunia iliyajua haya kwa gharama ya watu. Zidovudini iliidhinishwa Marekani mwaka 1987 na kwa miaka kadhaa ilitolewa peke yake. Wagonjwa walipata nafuu, kisha nafuu ikayeyuka, kwa kuwa virusi vilikuwa vimemsoma mlinzi. Mwaka 1996, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Vancouver, ndipo matokeo ya dawa tatu kwa pamoja yalipobadili kila kitu. Tanzania ilianza kutoa tiba hiyo bure kitaifa mwaka 2004, na waliokuwepo wanakumbuka stavudini, miguu iliyowaka moto usiku na mashavu yaliyobonyea. Ikafuata efavirenzi, kidonge cha saa tatu usiku, chenye kizunguzungu na ndoto za kutisha.

Efavirenzi ilikuwa na tabia moja iliyonifanya nilipende zaidi neno mseto. Hukaa mwilini siku nyingi. Mtu aliyeacha vidonge ghafla, labda kwa kufuata rashi ya dhahabu iliyolipuka kijiji cha mbali, hakuwa ameacha dawa zote kwa mara moja: dawa mbili nyingine zilitoka damuni mapema, efavirenzi ikabaki inalinda peke yake. Mseto ulikuwa umesambaratika bila mtu kujua, na mgonjwa amerudi 1987. TLD inastahimili zaidi kuliko hiyo, kwa kuwa dolutegraviri si rahisi kuizoea, lakini si kisingizio cha kumeza leo na kuacha kesho.

Kwa mtu wa migodini kuna mambo ambayo mseto unayataka, na yanafaa kusemwa kwa lugha ya kawaida. La kwanza ni kifua kikuu. Vumbi la mawe huchakaza mapafu, na mapafu yaliyochakaa hukaribisha TB. Dawa kuu ya TB, rifampisini, hulifanya ini liivunje dolutegraviri upesi mno. Kwa hiyo mgonjwa anayetibiwa yote mawili huongezewa kidonge cha dolutegraviri pekee, saa 12 baada ya TLD, na huendelea nacho kwa wiki mbili baada ya kumaliza rifampisini. Asiyemwambia daktari wa TB kwamba yuko CTC, kwa aibu au kwa haraka, anabaki na mlinzi mmoja kati ya watatu aliyelewa.

Kuna kiungulia. Kwenye maduka ya dawa ya Geita, vidonge vyeupe vya kutafuna vya kutuliza tumbo vinauzwa kama pipi. Vina magnesiamu au aluminiamu, na madini hayo hushikana na dolutegraviri tumboni, isiingie damuni. TLD imezwe angalau saa 2 kabla ya dawa hizo au saa 6 baada yake. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mjamzito vina tatizo lilelile, ila hivyo vinaweza kumezwa pamoja na TLD wakati wa chakula, kwani chakula hupunguza madhara ya kushikana huko.

Zebaki nayo isisahaulike. Anayechoma dhahabu kwenye karai bila kinga anavuta mvuke unaoumiza figo, na tenofoviri ni dawa ambayo figo inapaswa kuitoa. Nesi hawezi kujua unachofanya kazini usipomwambia. Ukimwambia, figo zako zitaangaliwa kwa jicho la karibu zaidi. Na yule mwenye homa ya ini aina ya B aelewe kwamba tenofoviri na lamivudini zinamtibu hiyo pia. Akiacha ghafla, ini linaweza kuchachamaa.

Saa ya kumeza ni ile utakayoiweza. Mtu wa zamu ya usiku duarani, yaani ndani ya shimo la mgodi, hana sababu ya kung'ang'ania saa tatu usiku ya enzi za efavirenzi. Anayekosa usingizi kwa dolutegraviri ahamie asubuhi. Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyohiyo, lakini usimeze viwili kwa mpigo kufidia.

Jambo dogo linaloniuma ni kopo. Vidonge hulia vikitikisika, na ule mlio kwenye mkoba ndani ya basi umewavunjia watu siri zao. Ndiyo maana nje ya kliniki nyingi utaona makopo yametupwa na vidonge vimehamishiwa kwenye nailoni. Ndani ya kopo mna kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, nailoni haina. Chini ya turubai la rashi, mchana, joto hupanda kupita nyuzi 30 ambazo dawa inavumilia. Pamba kidogo juu ya vidonge hunyamazisha mlio, na kopo likabaki. Nashangaa kwamba kwa miaka yote hii hatujatengeneza kopo lisilolia.

Kwenye istilahi za kliniki lipo neno jingine lisilonituliza: ufuasi. Ufuasi wa dawa. Mfuasi ni wa dini au wa chama. Anaamini na kutii. Kwa hiyo aliyekosa dawa anaonekana kapungukiwa imani, na daftari linamwita mtoro, kama mwanafunzi aliyeruka uzio. Utafiti uliofanyika Shinyanga yenyewe unaonyesha hali nyingine. Kati ya 2013 na 2015, watu 805 walioanza dawa karibuni, wote wakiwa na uhaba wa chakula, waligawanywa: wengine walipewa fedha kidogo kila mwezi, wengine unga wa mahindi, karanga na maharage, wengine ushauri wa lishe pekee. Baada ya miezi 6, waliokuwa na dawa mkononi kwa asilimia 95 ya siku au zaidi walikuwa asilimia 85 kwenye kundi la fedha, 79 kwenye kundi la chakula, na 63 kwa walioshauriwa tu. Mwaka 2018, katika kliniki nne za mkoa huohuo, shilingi 10,000 kwa mwezi zilitosha kupandisha waliobaki kwenye tiba na kufubaza virusi kutoka asilimia 73 hadi 83. Kwa shilingi 22,500 wakafika 86.

Shilingi 10,000 ni nauli ya kwenda na kurudi, na pengine sahani ya wali. Hao hawakuongezewa imani. Walikuwa na njaa na walikuwa mbali. Mradi mwingine wa utafiti Kanda ya Ziwa ulijiita Rudi Kundini, Pamoja Kundini, na kwa wafugaji wa Usukuma jina hilo linasikika vizuri zaidi kuliko utoro: ng'ombe aliyepotea hafungiwi zizi, anatafutwa.

Yule mwanamume wa benchini alikuwa na safari. Rafiki zake walikuwa wamepata mawe mazuri upande wa Geita. Nesi alimwambia achukue kadi yake ya CTC aende nayo, akiishiwa huko aingie kliniki yoyote ya jirani, aseme yuko safarini, atahudumiwa. Kisha akaomba aoneshwe vilivyobaki. Jamaa akafungua fundo la nailoni, nesi akavimwaga kwenye sinia ya bluu na kuvihesabu kwa kijiko bapa, vitano vitano. Akachukua kopo jipya, akatoa vidonge vya mwezi mmoja kwa ajili ya mkewe, akaandika jina la mke, akamuuliza: “Na yeye, nimpigie namba ipi?”