Mhuni, Chipukizi na Mdhamini: Lawama za Watu Wazima kwa Waimbaji Vijana katika Historia ya Muziki wa Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lawama ambazo watu wazima wamezielekeza kwa waimbaji vijana nchini Tanzania tangu miaka ya 1960, na kuzihusisha na njia ambazo waimbaji hao walipitia hadi kujulikana. Hoja inayotetewa ni kwamba ukali wa lawama haukutegemea maneno ya nyimbo peke yake, bali ulitegemea pia nani alimleta kijana mbele ya hadhira. Maneno uhuni, kutoka na usanii yanatumiwa kama ushahidi wa kihistoria.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika mijadala kuhusu muziki wa kizazi kipya, methali hii hugeuzwa kuwa shtaka: kijana akiimba maneno yasiyopendeza, watu huuliza nani alimlea. Ni nadra kuulizwa swali lililo jirani na hilo, yaani nani alimtoa. Katika Kiswahili cha wanamuziki wa Tanzania, msanii "hutoka" pale wimbo wake unapopokelewa na umma, na aliyemfungulia njia husemwa kuwa "amemtoa". Kitenzi cha kawaida kabisa kimebeba dhana nzima ya kuibuliwa: kabla ya kujulikana, mwimbaji yumo ndani, na mlango umeshikwa na mtu mwingine.

Mlango huo ulishikwa na nani katika kila kipindi? Swali hili linasaidia kueleza kwa nini baadhi ya vijana waliitwa fahari ya taifa na wengine wakaitwa wahuni, ilhali umri wao haukutofautiana sana.

2.0 Mwimbaji aliye na mdhamini

Kisa cha Siti binti Saad ndicho mfano wa awali unaojulikana zaidi wa kuibuliwa kwa mwimbaji wa Kiswahili. Siti hakuwa kijana mdogo alipovuma. Alikuwa mtu mzima kutoka Fumba, Unguja, aliyewahi kuuza vyungu, akaingia mjini na kufunzwa muziki, kisha mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, anaonyesha jinsi alivyokejeliwa kwa nasaba yake na kwa sura yake. Kejeli hizo zilihusu zaidi mahali alikotoka kuliko alichoimba. Mwanamke asiye wa ukoo mkubwa alikuwa amepata jukwaa ambalo wakubwa wa mji hawakumpa.

Baada ya uhuru, mlango ulishikwa na taasisi. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa chini ya umoja wa vijana wa TANU, na jeshi la polisi nalo lilikuwa na bendi yake. Mwanamuziki aliajiriwa, akapewa mshahara na vyombo vya kupigia. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi nyimbo na kuzirusha, na maneno yake yalipitiwa kabla ya kurekodiwa. Mwaka 1974 liliundwa Baraza la Muziki la Taifa, BAMUTA, na Sheria Na. 23 ya 1984 ikaliunda upya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na kuliunganisha nalo.

Katika mfumo huo vijana hawakukosekana. Marijani Rajabu, aliyezaliwa katikati ya miaka ya 1950, alikuwa bado kijana sana alipoimba na STC Jazz mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mbaraka Mwinshehe alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi alipojiunga na Morogoro Jazz. Nyimbo za mapenzi za vijana kama hao zilipendwa, na wakosoaji hawakuona sababu ya kuuliza walitoka wapi. Jibu lilijulikana: walitoka katika bendi, na bendi ilikuwa na viongozi wazima waliowajibika kwa tabia ya vijana wao. Kijana aliingia kwa kupokelewa na wakubwa, akajifunza kwao, na akikosea, wao ndio waliomrudi.

3.0 Uhuni kama jina la asiye na mdhamini

Wakati huohuo palikuwa na vijana wengine ambao muziki wao haukupitia mlango huo. Operesheni Vijana, iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwaka 1968 na kuanza kutekelezwa Januari 1969, ililenga sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Mnamo Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku jijini Dar es Salaam. Muziki huo ulisikilizwa na kuchezwa na vijana wa mjini, wengi wao wanafunzi, katika madansi waliyoyaandaa wenyewe. Hoja iliyotolewa ilikuwa utamaduni wa taifa. Hata hivyo, rumba ya Kikongo, ambayo nayo ilivuka mipaka, iliendelea kupigwa na bendi za umma bila kupata adhabu ya aina hiyo. Kwa hiyo ugeni wa mdundo hautoshi kueleza tofauti hiyo. Rumba ilikuwa imepata wenyeji wake wazima. Soul ilikuwa mikononi mwa vijana.

Neno lililotumika kwa vijana wa namna hiyo lina historia yake. Wakati wa ukoloni, mhuni alikuwa hasa mtu asiye na makazi wala kazi maalumu, na serikali ya kikoloni iliwakamata "wahuni" wa Dar es Salaam na kuwarudisha mashambani. Kosa la mtu huyo halikuwa tendo alilolifanya, bali kutokuwa na bwana, mwajiri au jamaa wa kumjibia. Maana ya kuvunja maadili, ambayo ndiyo maarufu leo, imejengwa juu ya ile ya kwanza. Lilipoibuka baadaye jina "muziki wa kihuni", lilibeba maana zote mbili: muziki wa matusi, na muziki wa watu wasio na mwenyewe.

4.0 Redio binafsi na mlango mpya

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alighani kwa Kiswahili juu ya mdundo wa wimbo wa Vanilla Ice, na makundi kama Kwanza Unit yakafuata. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo binafsi, na Radio One ikaanza kusikika mwaka 1994. Kuanzia hapo kijana hakuhitaji bendi. Alihitaji mdundo, saa chache za studio, na mtangazaji aliyekubali kuupiga wimbo wake. Watayarishaji kama Master J na P-Funk, pamoja na watangazaji wa vipindi vya vijana, wakashika nafasi ya viongozi wa bendi. Wengi wao walikuwa vijana pia.

Hapo ndipo lawama zilipopamba moto. Wanamuziki wa dansi walisema vijana hawajui kupiga ala. Wazazi waliona mavazi na majina ya Kimarekani. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, lakini sababu zote zilikutana mahali pamoja: kijana alikuwa amefika mbele ya umma bila mkubwa yeyote kumthibitisha. Mr. II, ambaye albamu yake ya mwaka 1995 iliitwa Ni Mimi, alilitangaza jambo hilo kwa jina la albamu tu. Ni tamko la mtu anayejitambulisha mwenyewe pasipo mshenga.

Miaka iliyofuata ilileta milango ya aina nyingine. Tanzania House of Talent, iliyoanzishwa mwaka 2005, iliwafunza vijana na kuwatoa wakina Barnaba na Mwasiti. Shindano la Bongo Star Search liliwaweka vijana mbele ya majaji katika televisheni. Dogo Janja, akiwa bado mwanafunzi kutoka Arusha, alipokelewa na Madee wa Tip Top Connection ya Manzese. Mwaka 2020 WCB Wasafi ilimtambulisha Zuchu, binti wa mwimbaji wa taarabu Khadija Kopa. Katika mifano hii ulezi unarudi kwa sura mpya, na pamoja nao msamiati wa ulezi: chipukizi, dogo, kulelewa, kusimamiwa. Chipukizi anapotambulishwa na msimamizi anayejulikana, lawama humfikia msimamizi kwanza.

5.0 Lugha kama shtaka

Shtaka lililowahusu zaidi wanaisimu ni kwamba vijana wanaharibu Kiswahili. Shtaka hili lina ukweli wake: nyimbo nyingi zimejaa misimu isiyodumu na sarufi ya haraka. Lakini historia inaonyesha upande wa pili. Warapu wengi wa kwanza walighani kwa Kiingereza, na vijana wenyewe ndio waliohamia Kiswahili, bila agizo la chombo chochote, kwa sababu walitaka kueleweka. Professor Jay katika Ndio Mzee (2001) alikejeli ahadi za mwanasiasa kwa kutumia maneno ya heshima ambayo kila Mtanzania huyatamka kwa wakubwa. Kejeli hiyo isingewezekana kwa lugha nyingine, kwa kuwa inategemea mazoea ya Waswahili ya kumwitikia mzee hata asiposadikika.

Neno usanii linatoa funzo la namna hiyohiyo. Msanii ni mtu wa sanaa, na ni jina ambalo waimbaji vijana walilipokea kwa fahari. Katika mazungumzo ya kila siku, usanii umepata pia maana ya ulaghai: mwanasiasa asiyetimiza ahadi husemwa "anafanya usanii". Jina lilelile linampa kijana hadhi na kumtilia shaka kwa wakati mmoja.

Hukumu za maneno haya, hata hivyo, hazidumu. Mr. II, yaani Joseph Mbilinyi, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Joseph Haule, yaani Professor Jay, akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Walioitwa wahuni wakaitwa waheshimiwa.

6.0 Shtaka lililosahaulika

Udhibiti wa maneno haukukoma. Nay wa Mitego alikamatwa mwaka 2017 kwa wimbo Wapo, kisha akaachiwa baada ya Rais Magufuli kuagiza hivyo. Mwaka 2018 BASATA iliufungia wimbo Mwanza wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Katika matukio kama haya watu wazima hubishana juu ya kinywa cha mwimbaji. Mkono uliotia saini mkataba wake hutajwa mara chache mno.

Jambo hilo ni zito zaidi kwa aliye chini ya miaka 18, ambaye kwa sheria ya Tanzania hana uwezo wa kufunga mkataba mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuja wakati kanda zilikuwa zikinakiliwa ovyo, na waimbaji wengi waliovuma walibaki na sifa bila mapato. Mzazi aliyeshtushwa na maneno ya wimbo wa mwanawe angeweza pia kushtushwa na karatasi ambayo mwanawe aliitia saini bila kuisoma. Historia ya lawama haionyeshi kwamba mshtuko huo wa pili ulikuwa mkubwa kama wa kwanza.

7.0 Hitimisho

Lawama za watu wazima kwa waimbaji vijana zimebadili sura: mavazi katika miaka ya 1960, ala na mdundo katika miaka ya 1990, lugha na maadili baadaye. Kilichodumu ni hofu ya kijana aliyefika hadharani bila mdhamini. Hofu hiyo si ya upuuzi, kwani asiye na mdhamini huweza kupotoka na pia huweza kuonewa. Kosa la wakosoaji wengi limekuwa kuona hatari ya kwanza tu. Jamii inayotaka kumrudi mwimbaji mdogo kama mwanawe inapaswa pia kumtetea kama mwanawe, kuanzia siku anapotolewa, kabla hajavuma na kabla hajalaumiwa.