Kapsokwony: Kutoka Mapangoni Hadi Nyumba za Mabati

Tunapoadhimisha yubile ya kwaya yetu, tumeona vyema tuukumbuke pia mji uliotulea, nyumba zake na watu wake.

Nyumba za kwanza za mlima huu hazikujengwa na mtu. Wakony, ambao Mlima Elgon umepata jina kutoka kwao, waliishi mapangoni pamoja na ng'ombe wao, wakijikinga na baridi na wavamizi. Mwaka 1883 msafiri Joseph Thomson alishangaa kukuta vibanda na mifugo ndani ya mwamba. Baadaye serikali ya kikoloni iliwataka watoke wajenge mahali pa wazi, ili iwe rahisi kuwahesabu na kuwatoza kodi.

Ndipo nyumba za miti, udongo na nyasi zikaenea, kisha za mabati. Mwaka 1993, Mlima Elgon ulipotengwa na Bungoma kuwa wilaya, Kapsokwony ikawa makao makuu. Walimu, makarani na wafanyabiashara wakaja kutafuta vyumba vya kupanga. Msabaoti na Mbukusu wakawa majirani wa ukuta mmoja, na Kiswahili kikawa lugha yao ya sokoni na ya kanisani. Ndiyo sababu nyimbo zetu nyingi ni za Kiswahili.

Lakini nyumba hizi zimewahi kuhamwa. Kati ya 2006 na 2008, mapigano yaliyochochewa na mzozo wa ardhi ya Chebyuk yaliua mamia ya watu na kuwafukuza maelfu. Siku za mazoezi tulianza kwa kuhesabu waliofika. Wengine walikuwa wamekimbilia Kimilili, wengine Chwele. Kuna Jumapili tuliyoimba bila besi hata mmoja. Waliporudi, kwaya ilibeba miti na udongo kwanza, tukakandika kuta pamoja, ndipo tukaimba. Wapo ambao hawakurudi, na nafasi zao tunazijua.

Leo bado tunaelekezana "kwa mzee fulani", ilhali vijana wetu hawajui mzee huyo alikuwa nani. Ombi letu la yubile ni hili: kila mwanakwaya aketi na mzee mmoja kabla ya mwaka kwisha, amuulize nani alijenga wapi, nani alihama na kwa nini. Daftari liko kwa katibu.

Mungu azibariki nyumba zenu, na wote walio ndani.