Judith Leiber

Judith Leiber (jina la kuzaliwa: Judit Pető, Budapest, Hungaria, 11 Januari 1921 – East Hampton, New York, Marekani, 28 Aprili 2018) alikuwa mbunifu wa mikoba na mjasiriamali wa Marekani mwenye asili ya Hungaria. Anajulikana hasa kwa pochi ndogo za jioni zilizotengenezwa kwa metali na kufunikwa kwa maelfu ya vipande vya kristali. Nyingi kati ya pochi hizo zina umbo la wanyama, matunda, mboga au vitu vya kawaida vya nyumbani.

Leiber alijifunza ufundi wake mjini Budapest wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akiwa Myahudi aliyekuwa hatarini kuuawa. Baada ya vita alihamia Marekani, akafanya kazi katika viwanda vya mikoba vya New York kwa zaidi ya miaka 15, na mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake mwenyewe pamoja na mume wake, mchoraji Gerson Leiber. Katika maisha yake ya kazi alibuni takriban mikoba 3,500 ya aina mbalimbali.

Maisha ya awali

Judit Pető alizaliwa katika familia ya Kiyahudi ya tabaka la kati. Baba yake, Emil, alifanya kazi katika biashara ya nafaka. Mama yake, Helen, alikuwa mzaliwa wa Vienna, Austria. Judit alikuwa na dada mmoja, Eva.

Wazazi wake hawakukusudia awe fundi. Walitaka asome kemia ili baadaye aingie katika biashara ya vipodozi, kwa kuwa walimfahamu mtu aliyekuwa amepata utajiri kwa kutengeneza krimu za uso. Nchini Hungaria sheria iliyopitishwa mwaka 1920 ilikuwa imepunguza idadi ya Wayahudi walioruhusiwa kuingia vyuo vikuu. Kwa sababu hiyo, mwaka 1938 alipelekwa Uingereza kusoma katika King's College, London.

Masomo hayo hayakuendelea kwa muda mrefu. Vita vilipoanza mwaka 1939 alikuwa nyumbani Budapest, na hakuweza kurudi London. Ilimbidi atafute kazi katika mji ambao Wayahudi walikuwa wanafungiwa milango moja baada ya mwingine.

Mafunzo ya ufundi

Aliingia katika kampuni ya mikoba ya Pessl, mjini Budapest, kama mwanagenzi. Alianza kwa kazi za chini kabisa, yaani kufagia sakafu na kupika gundi. Baadaye alifundishwa kuchora vipimo, kukata ngozi, kushona, kufunga fremu na kutia bitana. Huko fundi alitakiwa kujua kutengeneza mkoba mzima, kuanzia mchoro wa kwanza hadi kifungo cha mwisho.

Alipofaulu alipokelewa katika chama cha mafundi wa mikoba, akawa mwanamke wa kwanza nchini Hungaria kukubaliwa humo. Baadaye maishani alizoea kusema kwamba ni Hitler aliyemwingiza katika biashara ya mikoba, akimaanisha kwamba bila vita angekuwa mkemia.

Vita na ghetto ya Budapest

Mwezi Machi 1944 jeshi la Ujerumani liliikalia Hungaria. Kati ya Mei na Julai mwaka huo Wayahudi zaidi ya 430,000 walisafirishwa kutoka nchini, wengi wao hadi kambi ya Auschwitz. Wengi wa Wayahudi wa mji mkuu walikuwa bado hawajasafirishwa wakati usafirishaji huo uliposimamishwa, lakini mwezi Oktoba chama cha Nyilas, kilichofuata siasa za Kinazi, kilitwaa madaraka na mauaji yakaendelea mitaani.

Baba yake Judit alichukuliwa kufanya kazi za kulazimishwa. Aliachiliwa kwa msaada wa hati ya ulinzi ya Uswisi, moja ya hati zilizotolewa na ubalozi wa nchi hiyo mjini Budapest ili kuwakinga Wayahudi. Hati ilikuwa ya mtu mmoja tu, lakini maneno machache yaliongezwa kwa mashine ya kuchapa ili iihusu familia nzima. Kwa hati hiyo walipata nafasi katika nyumba iliyokuwa chini ya ulinzi wa Uswisi, wakiishi kwa kubanana na watu wengine wengi. Baadaye walihamishiwa katika ghetto.

Ghetto ya Budapest ilikombolewa na Jeshi Jekundu la Umoja wa Kisovyeti mwezi Januari 1945. Judit, dada yake na wazazi wao walikuwa hai.

Ndoa na kuhamia Marekani

Baada ya vita Judit alitengeneza mikoba nyumbani na kuiuza, hasa kwa wanawake waliofanya kazi katika ujumbe wa Marekani mjini Budapest. Wakati huo alikutana na Gerson Leiber, askari wa jeshi la Marekani aliyependa sanaa. Walifunga ndoa mwaka 1946, na mwaka 1947 wakahamia New York.

Gerson alikuwa mchoraji na mtengenezaji wa picha za chapa. Kwa miaka mingi mshahara wa mke wake ulisaidia kuendesha nyumba wakati yeye akijijenga katika sanaa.

Kazi katika viwanda vya New York

Leiber alikuta viwanda vya Marekani vikifanya kazi kwa utaratibu tofauti na ule aliouzoea. Kila mfanyakazi alifanya sehemu moja tu ya mkoba: mmoja alikata, mwingine alishona, mwingine alifunga fremu. Fundi aliyeweza kutengeneza mkoba mzima peke yake alikuwa nadra, na hasa fundi mwanamke.

Baada ya kufanya kazi kwa waajiri kadhaa aliingia katika kampuni ya Nettie Rosenstein, mbunifu wa mavazi aliyekuwa na jina kubwa wakati huo. Alikaa huko kwa takriban miaka 12, akapanda hadi kuwa msimamizi wa mafundi. Mwaka 1953 alitengeneza pochi ambayo Mamie Eisenhower, mke wa Rais Dwight D. Eisenhower, aliibeba katika dansa ya kuapishwa kwa rais. Pochi hiyo ilijulikana kwa jina la Rosenstein, kwani ndivyo ilivyokuwa kawaida ya biashara: jina la fundi halikutajwa.

Kuanzisha kampuni

Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 42, Leiber alianzisha kampuni yake. Gerson ndiye aliyemhimiza aache kuajiriwa, na wote wawili wakawa washirika katika biashara. Walianza na karakana ndogo na wafanyakazi wachache mjini New York.

Mikoba ya kwanza haikuwa ya kristali. Ilikuwa mikoba ya ngozi laini, ngozi ya mamba na ya mbuni, pamoja na vitambaa vya hariri. Leiber alipenda kutumia vitambaa vya zamani kutoka Asia, vikiwemo vile vya obi, yaani mishipi mipana ya kimono za Japani. Mikoba ya aina hiyo iliendelea kutengenezwa kwa miaka yote ya kampuni, ingawa watu wengi wanakumbuka zaidi pochi za kristali.

Biashara ilikua kupitia maduka makubwa ya kifahari, kama vile Neiman Marcus na Bergdorf Goodman.

Pochi za kristali

Pochi iliyomfanya Leiber ajulikane duniani ilitokana na kasoro ya kiwandani. Mwaka 1967 aliagiza pochi za metali zilizopakwa dhahabu. Sampuli zilipofika, rangi yake ilikuwa imeharibika na kuwa na madoa. Badala ya kuzitupa, alifunika sehemu zilizoharibika kwa vipande vidogo vya kristali. Wateja walizipenda, na mbinu hiyo ikawa alama ya kampuni.

Kwa Kifaransa pochi ngumu ya metali ya aina hiyo huitwa minaudière. Ilijulikana tangu miaka ya 1930 kama kazi ya masonara. Leiber aliichukua katika biashara ya mikoba na kuipa maumbo ambayo hayakuzoeleka: paka, bundi, pengwini, nguruwe, simba, kipande cha tikiti maji, fungu la asparaga, nyanya, na mayai yaliyofanana na yale ya sonara Fabergé wa Urusi.

Utengenezaji wa pochi moja ulipitia hatua kadhaa:
- Umbo lilichongwa kwanza kwa nta.
- Kutokana na umbo hilo lilitengenezwa ganda la metali la vipande viwili, likafungwa bawaba na kupakwa dhahabu.
- Mchoro wa rangi uliwekwa juu ya ganda ili kumwongoza fundi.
- Kristali zilibandikwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Pochi moja iliweza kuwa na kristali zaidi ya 10,000 na kuchukua siku kadhaa.
- Ndani ilitiwa bitana ya ngozi, kisha vikaongezwa kitana, kioo na kijaluba cha sarafu.

Nafasi ndani ya pochi hizo ni ndogo sana. Leiber alipoulizwa kuhusu jambo hilo alijibu kwamba mwanamke anayekwenda karamuni hahitaji zaidi ya rangi ya mdomo, leso na noti ya dola 100. Jibu hilo linaonyesha pia wateja aliowalenga: bei ya pochi moja ilifikia maelfu ya dola, na wanunuzi wengi walikuwa matajiri au watu mashuhuri. Baadhi yao walizikusanya kama kazi za sanaa na kuziweka katika makabati ya vioo nyumbani. Mmoja wa wakusanyaji waliojulikana alikuwa mwimbaji wa opera Beverly Sills.

Wake wa marais

Tangu Mamie Eisenhower, wake kadhaa wa marais wa Marekani walibeba mikoba iliyotengenezwa na Leiber, wakiwemo Nancy Reagan, Barbara Bush na Hillary Clinton. Kwa Barbara Bush alitengeneza pochi yenye umbo la mbwa wake, Millie, na kwa Hillary Clinton pochi yenye umbo la paka wa familia, Socks.

Tuzo

Mwaka 1973 Leiber alipewa Tuzo ya Coty, iliyokuwa kati ya tuzo kubwa za mitindo nchini Marekani. Alikuwa mbunifu wa mikoba wa kwanza kuipata. Mwaka 1994 Baraza la Wabunifu wa Mitindo wa Marekani lilimtunukia tuzo ya mafanikio ya maisha.

Kuuza kampuni na kustaafu

Mwaka 1993 Leiber na mume wake waliuza kampuni kwa Time Products, kampuni ya Uingereza iliyojihusisha na biashara ya saa. Yeye aliendelea kubuni hadi alipostaafu mwaka 1998. Tangu hapo kampuni imebadilisha wamiliki mara kadhaa, na mikoba yenye jina la Judith Leiber inaendelea kuuzwa. Kwa sababu hiyo wakusanyaji hutofautisha mikoba iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1998 na ile iliyobuniwa na watu wengine baadaye.

Makumbusho

Kazi zake zimehifadhiwa katika makumbusho mbalimbali, zikiwemo Metropolitan Museum of Art mjini New York, Smithsonian mjini Washington na Victoria and Albert Museum mjini London.

Mwaka 2005 Judith na Gerson walifungua jumba la makumbusho karibu na nyumba yao katika kijiji cha Springs, East Hampton, katika kisiwa cha Long Island. Jumba hilo lina mikoba ya Judith pamoja na michoro ya Gerson, na limezungukwa na bustani alizozipanga Gerson mwenyewe. Kwa kuwa Leiber hakuwa amejiwekea nakala ya kila mkoba alioutengeneza, ilimbidi anunue tena baadhi yao mnadani ili kukamilisha mkusanyiko.

Mwaka 2017 Museum of Arts and Design ya New York ilifanya maonyesho maalumu kuhusu maisha na kazi yake.

Kifo

Judith na Gerson Leiber walifariki siku moja, tarehe 28 Aprili 2018, nyumbani kwao Springs, kila mmoja kwa mshtuko wa moyo, wakipishana kwa saa chache tu. Judith alikuwa na umri wa miaka 97 na Gerson 96. Walikuwa wameishi katika ndoa kwa miaka 72.

Umuhimu

Kabla ya Leiber, mkoba ulihesabiwa zaidi kama kitu cha kuandamana na vazi, na mbunifu wake mara nyingi hakujulikana. Yeye alikuwa miongoni mwa wabunifu wa kwanza nchini Marekani waliojenga jina kubwa kwa mikoba pekee, bila kuuza nguo. Pochi zake zimeigwa sana, na siku hizi pochi za bei nafuu zilizobandikwa vipande vya kioo zinaonekana harusini katika nchi nyingi.

Historia yake hutajwa pia miongoni mwa habari za Wayahudi walionusurika Maangamizi Makuu na kuanza maisha mapya ughaibuni. Wengi wao waliacha nyuma nyumba na mali. Leiber alifika New York akiwa na ujuzi wa mikono aliojifunza Pessl, na ujuzi huo ndio uliokuwa mtaji wake wa kwanza.

Tazama pia
- Mitindo
- Ghetto ya Budapest
- Maangamizi Makuu ya Wayahudi